Konsoli ya nakala kwenye Camaro ya 1969: kwa nini matundu hayakutani

Swali: Ninaishi Columbus, Ohio, na ninamiliki Chevrolet Camaro ya mwaka 1969 yenye injini ya V8. Ilitoka kiwandani na gia otomatiki ya Powerglide ya kwenye usukani, lakini mmiliki aliyenitangulia aliweka giaboksi ya Turbo-Hydramatic 350. Nimenunua konsoli ya katikati iliyotengenezwa upya, pamoja na mkono wa gia wa sakafuni na geji nne. Hakukuwa na maelekezo yoyote ndani ya boksi. Niliiunganisha yote mezani ikapendeza, lakini nilipoiweka garini matundu hayakukutana, kifuniko cha kisanduku kimeinuka upande mmoja, mshale wa gia unaonesha gia isiyo yenyewe, na taa ya nyuma ya konsoli haizimiki hata milango ikifungwa. Je, niirudishe dukani au nitoboe matundu mapya? Na geji nizifunge vipi?

Jibu: Ndugu yangu, usiirudishe konsoli hiyo kwa sasa, na drili iache mahali pake. Matatizo mawili ya kwanza, yaani matundu yasiyokutana na kifuniko kilichoinuka, yana chanzo kimoja kikuu, nacho ni kule kuiunganisha konsoli yote mezani. Mwili wa konsoli hizi ni plastiki ya ABS iliyomiminwa kwenye kalibu, mrefu, mwembamba na ulio wazi upande wa chini, kwa hiyo peke yake hauna cha kuushikilia usipinde. Juu ya meza iliyonyooka hukaa kwa umbo moja, na juu ya tuta la sakafu, lile linalopita juu ya giaboksi na propela, hujipinda kidogo kufuata breketi zilizoko chini yake, yaani vipande vya chuma vinavyoishikilia konsoli sakafuni. Ukiwa umekwisha kukaza bamba la juu, bawaba na fremu ya geji, umeufungia mwili ule umbo la meza, halafu unataka gari ndilo likubali. Ifungue tena yote, hadi ubaki na mwili mtupu mkononi. Kazi inaanzia hapo.

Kuna jambo la kuelewa kuhusu gari lako kabla ya kugusa spana. Mwaka 1969 konsoli ilikuwa kifaa cha hiari kilichoagizwa kwa namba D55, na geji za ziada ziliagizwa kwa namba U17. Gari lililoagizwa na gia ya usukani halikupewa konsoli, kwa hiyo chini ya zulia lako hutakuta breketi za kiwandani, na hakuna tundu lolote la asili litakalokuambia konsoli inakaa wapi. Wenye magari yaliyozaliwa na D55 hufuata matundu ya zamani. Wewe unayachagua mwenyewe, na ndiyo maana nasema usitoboe mapema. Ongeza na hili: sakafu ya gari la zaidi ya miaka 50 mara nyingi imekwisha kukatwa kutu na kuchomelewa bamba jipya, na mchomeleaji hakuwa akifikiria konsoli. Hata nakala iliyotengenezwa kwa leseni ya General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, imefuata vipimo vya gari la kwenye karatasi, si vya gari lililoegeshwa kwenye gereji yako.

Tenganisha waya hasi wa betri, kisha toa viti vyote viwili vya mbele. Wengi hujaribu kuokoa muda kwa kusukuma viti nyuma tu, halafu hufanya kazi wamejipinda na kukwaruza plastiki mpya kwa reli za kiti. Bolti za mikanda zilizo karibu na tuta ni za inchi 7/16 zenye nyuzi 20 kwa inchi, na zimetengenezwa kwa chuma kigumu maalumu. Ukiona mojawapo imeliwa na kutu, tafuta ya mkanda hasa, usiibadilishe kwa bolti yoyote ya dukani inayoingia. Nikumbushe pia kwamba gari lote hili ni la inchi. Spana ya milimita 11 hukaribia kuingia kwenye kichwa cha inchi 7/16, na huko kukaribia ndiko kunakoviringa vichwa vya bolti.

Inua zulia hadi uone chuma. Breketi za mbele na nyuma hufungwa kwenye chuma chenyewe, wala hazifungwi juu ya zulia, kisha zulia hukatwa kidogo lipite pembeni mwa breketi. Hapa ndipo konsoli nyingi za nakala hulaumiwa bure. Mazulia mapya yana sponji nene ya chini, na baadhi ya wamiliki huongeza shuka za kuzuia kelele juu ya tuta. Unene huo ukipanda kwa milimita chache tu, mwili wa konsoli hauwezi kushuka hadi kwenye breketi, na matundu yote ya skrubu yanaonekana kama yametobolewa juu mno. Kata sponji na shuka hizo kwenye eneo ambalo litafunikwa na konsoli. Hakuna atakayeliona, na matundu mengi uliyodhani yamekosewa yatashuka mahali pake yenyewe.

Kinachoamua mahali pa konsoli ni mkono wa gia. Huo umefungwa kwenye tuta kwa bolti na una kebo inayoshuka kwenye giaboksi, kwa hiyo hauhamishiki kirahisi, ilhali konsoli inaweza kusogea mbele, nyuma na pembeni hadi breketi zitakapofungwa. Basi kalisha mwili mtupu juu ya mkono wa gia bila skrubu hata moja, uweke bamba la juu kwa kulilaza tu, kisha upitishe mkono kwenye kila gia. Mkono usiguse ukingo wa nafasi yake popote, si kwenye P (maegesho) wala kwenye gia ya chini kabisa. Ukigusa, sogeza mwili. Baada ya hapo rudisha viti bila kuvikaza, simama nyuma ya gari na utazame mbele kupitia katikati, kwa sababu jicho la abiria hulinganisha konsoli na viti na dashibodi, halilinganishi na tuta, na tuta lenyewe huenda halikunyooka. Mimi hukubali konsoli iwe milimita mbili kando ya kipimo ikiwa macho yanaridhika. Ukiridhika, bandika utepe wa karatasi kwenye zulia pande zote mbili na uchore mstari wa ukingo wa konsoli. Kuanzia hapo unaweza kuitoa na kuirudisha ukijua inakaa wapi.

Sasa zitie breketi chini ya mwili, uziache huru, na utie alama kwa kalamu yenye ncha kali kupitia matundu ya breketi hadi kwenye chuma. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari utazame kilichopo upande wa pili: giaboksi, propela, kebo za breki ya maegesho na mabomba ya mafuta na breki si mbali. Zungushia keekee ya drili utepe ukiacha ncha ya sentimita moja tu, ili ikipenya isishuke zaidi ya hapo. Usitoboe kamwe kupitia zulia. Uzi mmoja wa zulia ukinaswa na keekee inayozunguka, hujisokota papo hapo na kuchomoa mstari mzima wa nyuzi hadi ukutani mwa mlango, na mstari huo haurudishiki. Zulia litobolewe peke yake kwa ncha ya pasi ya kulehemu, ambayo huyeyusha nyuzi na kuziba ukingo wa tundu kwa wakati mmoja. Matundu ya chuma yapakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kwa kuwa chumvi inayomwagwa barabarani huko Ohio wakati wa baridi haisubiri.

Kaza breketi, rudisha mwili, uone matundu yamekutana kiasi gani. Tofauti ya milimita mbili au tatu ni ya kawaida, na tiba yake ni kulirefusha tundu la breketi kwa tupa ya mviringo kisha kutumia washa pana. Tundu jipya kwenye plastiki liwe chaguo la mwisho kabisa, kwa sababu matundu mawili yaliyokaribiana huacha kati yao ukuta mwembamba utakaopasuka siku dereva atakapoegemea konsoli kwa kiwiko. Tofauti ikizidi milimita sita au saba, na umekwisha kuhakikisha sponji imekatwa na mkono wa gia hauzuii, hapo una haki ya kuirudisha, na itakuwa vyema uipige picha ikiwa imekaa garini.

Skrubu za kuingia kwenye plastiki zina namna yake. Iweke skrubu tunduni, izungushe kwanza kinyume, polepole, hadi uisikie imedondoka kidogo kwenye nyuzi zilizokwisha kuchorwa, ndipo uikaze. Usipofanya hivyo, kila unapoifungua na kuifunga inachonga nyuzi mpya, na mara ya tatu haishiki tena. Tumia bisibisi ya mkono. Gundi ya kuzuia nati kulegea, ile ya majimaji, isikaribie konsoli kabisa, kwa kuwa huishambulia ABS na kuitia nyufa ndogo zinazojitokeza baada ya muda pale skrubu inapobana. Vivyo hivyo asetoni na thina huyeyusha plastiki hii. Kusafisha kufanyike kwa maji ya sabuni au spiriti ya aina ya isopropili.

Ikiwa rangi ya ndani ya gari si nyeusi na konsoli yako ni nyeusi, wakati wa kuipaka ni huu, yaani baada ya kuipima garini na kabla ya kuifunga moja kwa moja. Ioshe kwa sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kalibu, pulizia dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, kisha rangi ya plastiki kwa tabaka nyembamba. Usipige msasa kwenye uso wenye mchoro wa ngozi, kwa sababu mchoro ule ndio unaoifanya ionekane ya kiwandani.

Baada ya mwili kufungwa garini ndipo bamba la juu lifuate. Bamba hilo limemiminwa kwa aloi ya zinki na kupakwa kromi, na vijiti vyake vya chini havivumilii nguvu: hukatika ghafla bila kutoa dalili. Zishike nati zote kwa vidole kwanza, kisha ongeza robo mzunguko kwa kila moja ukianzia katikati na kuelekea ncha zote mbili. Ikiwa bamba linaonekana limenyanyuka mahali, usilivute chini kwa nati. Litoe, utafute kinachoinua, ambacho mara nyingi ni kipande cha plastiki kilichobaki cha kalibu, ukikwangue kwa kisu.

Kifuniko cha kisanduku kiwe cha mwisho, na kirekebishwe kikiwa garini. Legeza skrubu za bawaba, funga kifuniko hadi komeo lishike, kisogeze kwa mkono hadi nafasi ya kushoto na ya kulia zilingane, halafu bila kukifungua kaza skrubu moja ya bawaba unayoweza kuifikia kwa kukipenyezea kidole. Fungua, kaza zilizobaki. Mwelekeo huu wa kuanza na komeo na kumalizia na bawaba ni kinyume cha wanavyofanya wengi, lakini komeo halina nafasi ya kusogea na bawaba inayo. Kona ikibaki juu, washa nyembamba chini ya bawaba ya upande wa pili hutosha. Ikiwa kifuniko chenyewe ndicho kilichopinda kwa kukaa vibaya kwenye boksi, kipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kikandamize juu ya ubao ulionyooka na ukiache kipoe kikiwa chini ya uzito. Kamwe usitumie mashine ya hewa ya moto ya kuchunia rangi, kwa kuwa ABS hulainika karibu na nyuzi joto 100, na kati ya kulainika na kuharibika huna nafasi ya kufikiri.

Mshale wa gia hauna uhusiano na ufungaji wako. Powerglide ina gia mbili za mbele, kwa hiyo mkono wake una nafasi tano, wakati Turbo-Hydramatic 350, ambayo ilianza kutumika katika magari ya mwaka huohuo wa 1969, ina gia tatu za mbele na nafasi sita. Inaonekana muuzaji alikutumia vifaa vya Powerglide kwa kufuata gia ambayo gari lako lilitoka nayo kiwandani. Kubadilisha kioo cha maandishi peke yake hakutasaidia, kwa sababu ndani ya mkono mna bamba lenye vidato vinavyoushikilia kwenye kila nafasi, na bamba la Powerglide lina kidato kimoja pungufu. Agiza vyote viwili vya giaboksi yako, ukivitaja kwa jina la giaboksi na si kwa mwaka wa gari. Ukishavipata, weka giaboksi kwenye P kwa mkono kutoka chini, weka mkono wa gia kwenye P, kisha ndipo uikaze kebo.

Hapa kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami ningelitanguliza mbele ya urembo wote wa konsoli. Swichi inayozuia injini kuwaka gia ikiwa imeingia ilikuwa kwenye nguzo ya usukani, ikifuata mkono wa zamani. Mkono umehamia sakafuni. Je, swichi nayo imehamia? Kanyaga breki kwa nguvu, usiwe na mtu mbele wala nyuma ya gari, ujaribu kuwasha kwenye kila nafasi. Injini iwake kwenye P na N (gia huru) tu. Pia, 1969 ndio mwaka ambao General Motors ilihamishia swichi ya ufunguo kwenye nguzo ya usukani pamoja na kufuli la usukani, na fimbo ndogo kutoka kwenye giaboksi huiambia nguzo iwapo gari liko kwenye P. Aliyeondoa mkono wa zamani akaiacha fimbo hiyo ikining'inia amekuachia ufunguo unaoweza kukataa kurudi kwenye nafasi ya kufunga, au kurudi wakati haupaswi. Fimbo ya magari ya gia ya sakafuni inapatikana, na inafaa kuwekwa kabla viti havijarudi.

Taa ya nyuma ya konsoli isiyozimika ni suala la ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Katika magari ya General Motors ya wakati huo, waya wa rangi ya chungwa huleta umeme wa betri muda wote, na waya mweupe huenda kwenye swichi za milango, ambazo hukamilisha mzunguko kwa kuugusisha waya huo kwenye bodi. Maana yake, kishikio cha balbu hakitakiwi kupata ethi mahali pengine popote. Chako, nina hakika, ama kimeguswa na breketi ya nyuma au mtu amekiunganisha waya mweusi kwa mazoea. Kitoe kwenye konsoli kikiwa kimewashwa: taa ikizimika mara kinapoachana na chuma, umepata jibu. Kifungie utepe wa umeme au ukisogeze mbali na breketi, na waya mweupe urudi mahali pake.

Tumalizie na geji. Gari lako lilikuwa na taa za onyo za mafuta ya injini na joto, na sensa za taa za onyo ni swichi tu: zinajua ndiyo na hapana. Geji zinahitaji sensa zinazobadilisha ukinzani kidogokidogo, kwa hiyo sensa ya presha ya mafuta ya injini na ile ya joto la maji zote zibadilishwe. Zote hupata ethi kupitia nyuzi zake kwenye injini, kwa hiyo usizizungushie utepe mweupe wa mabomba kwa wingi. Waya wa buluu iliyokolea ni wa presha ya mafuta, kijani kilichokolea ni cha joto, na wa rangi ya kahawia hafifu ni wa tangi la petroli. Huo wa tangi usiugawe kati ya geji ya zamani ya dashibodi na mpya ya konsoli, maana geji mbili kwenye sensa moja zitakudanganya zote mbili. Chagua moja na uitenganishe nyingine. Geji ya ampea ina waya mbili, mweusi na mweusi wenye mstari mweupe, na kila mmoja lazima uwe na fyuzi yake ya ampea 4 karibu na upande wa injini. Nimeona vifaa vya nakala vinavyouzwa bila fyuzi hizo. Waya mwembamba uliounganishwa moja kwa moja na betri, ukapitishwa chini ya plastiki na zulia, hauhitaji maelezo zaidi.

Kabla ya kuifungia fremu ya geji, zijaribu swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Waya wa petroli ukiguswa kwenye ethi, sindano iende mwisho wa tupu. Ukiachwa wazi, ipite alama ya kujaa, kwa kuwa sensa za tangi za General Motors za miaka hiyo huanzia omu 0 tangi likiwa tupu hadi omu 90 likiwa limejaa. Waya wa joto ukiguswa kwenye ethi, sindano ipande hadi mwisho wa moto, na ukiachwa wazi irudi kwenye baridi. Geji inayofanya kinyume imefungwa waya zisizo zake. Geji isiyosogea kabisa haina ethi kwenye mwili wake, jambo la kawaida kwenye konsoli ya plastiki: itafutie waya mweusi wake yenyewe hadi kwenye breketi ya mbele, ukwangue rangi pale utakapoubana, na uijaribu tena kabla ya kurudisha viti.